Kirangozi wa Björkhagen

Ubishi wetu ulianzia kwenye chumba cha kufulia nguo. Majengo mengi ya kupanga hapa Stockholm yana chumba kimoja chenye mashine, na kila nyumba hujiandikisha zamu. Ukitaka kumwona Mswidi amekasirika kweli, ingia na kapu lako kwenye zamu yake. Zamu yangu na ya jirani yangu wa ghorofa ya tatu hufuatana Jumapili jioni. Alinikuta natoa kwenye mashine kitambaa chekundu cha mita nne, chenye tundu katikati la kupitisha kichwa. Akakitazama, akashika ukingo kwa vidole viwili, akauliza ni pamba au polista. Polista, nikamjibu. Akaridhika. Kisha akauliza la pili: "Na nani atatangulia?"

Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Kuulizwa sikujiandaa.

Habari yenyewe ni hii. Mtani wangu, Mzaramo aliyekulia Kariakoo na sasa ni dereva wa basi hapa mjini, anatimiza miaka 50 mwezi huu wa Agosti. Wenzake wakifika umri huo hukodi ukumbi, pilau ikapikwa, watoto wakasinzia juu ya makoti. Yeye akatangaza kwamba atatembea kutoka Abisko hadi Nikkaluokta, kaskazini kabisa mwa Uswidi, kilomita 105, siku saba, mzigo mgongoni, na kwamba yeyote atakayemsindikiza sharti avae vazi la kichekesho kuanzia kituo cha treni cha hapa hadi mwisho wa njia. Mimi ni Mnyamwezi. Mzaramo akimwambia Mnyamwezi neno kama hilo hadharani, hakuna pa kukimbilia. Ukikataa utasikia habari zako hadi siku ya mazishi yako, na mtani ndiye atakayekuwa msemaji.

Watu wa kwetu waliposikia walisema ni wazimu wa Kizungu. Kutembea porini bila kufuata mbuzi wala shamba, hilo wameshalizoea, Wazungu ndivyo walivyo. Lakini kutembea porini na mkia? Nami moyoni nilikuwa upande wao, mpaka lile swali la jirani liliponirudisha Tabora.

Babu mzaa baba, aliyefariki nikiwa darasa la sita, alikuwa na masimulizi mawili tu juu ya baba yake. La kwanza, kwamba alishuka pwani mara nne na kurudi mara nne. La pili lilikuwa la kofia. Ilikuwa ya ngozi ya mbega, nyeusi na nyeupe, manyoya marefu yakimwagikia mabegani, na mzee yule alikuwa radhi pembe ya ndovu itumbukie mtoni kuliko kofia ile, kwa sababu pembe ilikuwa ya tajiri na kofia ilikuwa yake. Sisi wajukuu tulicheka. Kofia yenyewe haikuwepo tena, imeliwa na nondo au imeuzwa wakati wa njaa fulani, na mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba mpagazi ni mtu wa kuhurumiwa tu hakuwa na mahali pa kuiweka kofia ya namna hiyo.

Mwenye kofia nimekuja kumkuta ukubwani, kwenye kitabu cha Richard Burton, yule Mwingereza aliyeondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kuingia Kazeh, ambayo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Burton alikuwa mtu wa kudharau, na kurasa zake nyingi juu yetu zinasomeka kwa kukunja uso. Lakini kwa nguo alikuwa na jicho la fundi cherehani. Anauonyesha msafara unavyojipanga alfajiri. Mbele kabisa yuko kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera nyekundu iliyochanwachanwa na miiba, na karibu naye mpiga ngoma. Kirangozi amevaa ukanda mrefu wa joho jekundu wenye tundu la kupitishia kichwa, ncha zinapepea mbele na nyuma. Kichwani ana ngozi ya mbega au taji la manyoya ya ndege. Nyuma yake wanafuata wabeba pembe, mabwana wa njia, na pembe kubwa zimefungwa kengele ya ng'ombe kwenye ncha. Kisha wapagazi wa nguo, shanga na nyaya, wengine wamejifunga singa za punda milia kuzunguka paji la uso zikasimama kama miale, wengine wamechomeka unyoya wa mbuni au wa korongo, magotini na vifundoni njuga. Baragumu la pembe ya tandala linalia. Mzigo wa kawaida ni frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mkeka wa mtu, chungu chake na posho yake.

Nilisoma ukurasa ule nikakumbuka kitambaa changu. Mita nne, tundu katikati. Sikuwa nimekiiga kutoka popote, nilikikata tu kwa uvivu wa kushona mikono.

Kulikuwa na sheria moja nzuri sana. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita kirangozi. Mtu akijisahau akatangulia, hunyang'anywa mshale mmoja kutoka kwenye podo lake, na harudishiwi hadi mwisho wa mwendo wa siku hiyo aukomboe kwa kitu kidogo. Watoto wa mjini watasema ni ukubwa wa bure. Mtu aliyewahi kuongoza kundi la watu wenye nguvu tofauti atakwambia ni akili nyingi. Mwenye miguu mirefu akiachiwa aende, baada ya saa mbili msafara wa watu 100 umekuwa misafara kumi na miwili, na wa mwisho ndiye anayeporwa. Kirangozi alibeba mzigo mwepesi kuliko wenzake, lakini mwendo ulikuwa wake. Na mtu ambaye kazi yake ni kuonekana na kusikika, kwenye njia nyembamba yenye majani yaliyompita kimo, atavaa nini? Rangi ya damu mwilini, na juu ya kichwa kitu kirefu cheusi na cheupe, kinachochezacheza kila akipiga hatua. Yule wa mbele alichekesha kwa makusudi. Macho ya watu waliochoka hayafuati kitu kisichochekesha.

Msafara ukikaribia mji mkubwa, watu walisimama kwanza. Mafurushi yakafunguliwa, nguo safi zilizotunzwa miezi yote zikatolewa, kisha wakaingia kwa baragumu, ngoma na bunduki zikilia hewani. Vijana wa Unyamwezi walishuka pwani kiangazi, baada ya mavuno, na aliyekuwa hajaona bahari alikuwa na kazi ya kumshawishi msichana. Walipatana ujira. Wasiporidhika waligoma, mizigo ikakaa chini njiani mpaka tajiri akalainika, au walitoroka usiku, na vitabu vya Wazungu wa wakati ule vimejaa vilio juu ya hilo. Wanawake nao walikuwamo, na masufuria yao na watoto wao mgongoni.

Siwezi kulisifu hili bila kusema lingine. Katika njia hiyo hiyo, wakati mwingine katika msafara huo huo, walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wakipelekwa kuuzwa. Hao hawakuwa na manyoya wala njuga.

Na vita vilipokuja, manyoya yakaisha kabisa. Kwanza ilikuja reli: Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na behewa moja likabeba kwa siku moja kilichokuwa kazi ya mamia ya mabega kwa miezi. Ungedhani mabega yangepumzika. Mwaka huo huo wa 1914 vita vikaanza, na pande zote mbili zikakamata watu wa kubeba vyakula na risasi. Waingereza walikiita kikosi chao Carrier Corps, na mahali kilipokaa Dar es Salaam ndipo pakawa Kariakoo, kama vile Nairobi kulivyo na Kariokor. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Walivaa blanketi na kipande cha chuma chenye namba shingoni. Mtani wangu amekulia kwenye jina hilo bila kulifikiria, kama sote tunavyoishi kwenye majina. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo Mnyamwezi alinibebea hadi nyumbani, na bado nilimpa namba." Huo ndio utani. Wajuzi wengi huuhusisha utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani na hiyo misafara. Watu waliopitiana kila mwaka kwenye ardhi ya wenyewe, wakidaiana maji, chakula na mahali pa kuzika, walihitaji njia ya kudaiana bila kutoana damu, wakachagua matusi.

Sasa nirudi kwa jirani, maana yeye ndiye aliyeniuliza.

Ana miaka 74. Waswidi wameshaacha vyeo na heshima za maneno. Mwaka 1967 mkuu wa idara yao ya tiba, Bror Rexed, alitangaza kwamba atawaita wafanyakazi wote "du", yaani wewe, na nchi nzima ikamfuata. Sisi hatuwezi. Mwanamke wa umri wa mama yangu nimwite kwa jina lake kama mtoto wa dukani? Tunamwita Mama Mulle, na sababu iko darini kwake, kwenye stoo yenye wavu, ndani ya mfuko wa plastiki: kofia ya magome ya mti wa bechi, ndefu yenye ncha, na mkia.

Skogsmulle ni kiumbe wa msituni aliyebuniwa mwaka 1957 na Gösta Frohm, mtu wa Friluftsfrämjandet, chama cha Waswidi cha kuhimiza maisha ya nje. "Skog" ni msitu, na "mull" ni ule udongo mweusi wa majani yaliyooza. Mtu mzima huvaa kofia ya magome na mkia, hujificha nyuma ya misonobari, na watoto wa miaka mitano na sita wakija na mwalimu wao humwita kwa sauti: Kollikok! Hutokea, huwaonyesha sisimizi na uyoga, huwaambia wasitupe takataka, huimba kidogo, hurudi msituni. Vizazi vya Waswidi vimejifunza kutembea namna hiyo, na mwaka 1985 hapo Lidingö, kisiwa kilichopakana na jiji, ikafunguliwa shule ya chekechea iitwayo Mulleborg inayokaa nje mvua na jua. Mama Mulle alivaa mkia huo kwa miaka mingi. Nilimuuliza kama hakuona haya. Akasema haya ilimwisha siku ya kwanza alipogundua kwamba watoto 20 wanaomfuata mtu mwenye mkia hawahesabiwi. Wale wanaofuata mwalimu wa kawaida huhesabiwa kila dakika tano.

Ndiyo maana aliuliza nani atatangulia.

Hata hivyo Mama Mulle haamini kwamba watu wake ni wa kuvaa ili waonekane. Anasema Mswidi akivaa vazi si lake, mara nyingi anajificha. Hadithi ya kuzaliwa kwa nchi yenyewe ni ya mtoro: Gustav Vasa, baada ya mauaji ya Stockholm ya Novemba 1520, husimuliwa akizunguka Dalarna amevaa nguo za kibarua wa shambani, Wadenmarki wakimsaka. Mbio za kuteleza thelujini za Vasaloppet, kilomita 90, zilizoanza 1922, ndizo ukumbusho wake. Mwaka 1924 wanawake wakakatazwa kushiriki, na zuio hilo likadumu hadi 1981. Katikati ya miaka hiyo wako waliopita kwa majina na mavazi ya kiume. Ukimuuliza kama aliwafahamu, Mama Mulle huuliza kama kuna kahawa zaidi.

Kutembea milimani kwa kujifurahisha nako hakukuanza na watu wa kawaida. Chama chao cha utalii kiliasisiwa Uppsala mwaka 1885 na wanasayansi wa miamba na wenzao. Miaka miwili nyuma yake, Mfaransa Charles Rabot ndiye aliyeandikwa kuwa wa kwanza kufika juu ya Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote hapa, akiwa na waongozaji wa huko kaskazini. Hao huandikwa kwa herufi ndogo, na mtu wa kutoka chini ya Kilimanjaro anaijua hadithi hiyo bila kuambiwa. Wasami, wenyeji wa kaskazini, waliwaongoza na kuwabebea mizigo watalii wa mwanzo. Kisha ikaja reli ya madini, kutoka Kiruna hadi Narvik, ikakamilika 1902, na ikapita Abisko. Hapo nilisimama kusoma nikahesabu: reli yao na reli yetu zinapishana miaka kumi. Yetu iliua kutembea, yao ikakuzaa. Mabwana walishuka kwenye behewa na suti zao za sufu, wake zao na sketi ndefu, wakaanza kutafuta njia ya kuchokea. Njia iliyowekewa alama ikaitwa Kungsleden, Njia ya Mfalme. Mwaka 1938 sheria ikampa kila mfanyakazi likizo ya wiki mbili, na watu wa viwandani nao wakapanda treni.

Kwa hiyo tulipokaa kupanga, jikoni kwa mtani, mezani kulikuwa na ramani, chapati na historia za watu wa aina mbili. Tuko saba: mimi, mtani, binti yake, mwanangu, bwana mmoja wa Mombasa tunayemwita Ami, rafiki yetu wa Bukavu, na Mama Mulle ambaye hakualikwa. Alikuja na mizani ya kupimia samaki.

Nilidhani atakagua mahema. Alikagua vichekesho, kimoja kimoja, akavipima. Tulikubaliana mzigo usizidi kilo 15 kwa mtu, chini ya nusu ya ule wa babu mkubwa. Vazi nalo liingie humo humo. Lisilokuwa na kazi mbili lilibaki Stockholm.

Mtani amekuwa mbeba pembe. Godoro lake la sponji nyeupe, lile la kutandika chini ya mfuko wa kulalia, amelikunja likachongoka upande mmoja, kamba ikalipinda, na ukiliona begani kwake ni ndovu mtupu. Mchana pembe, usiku kitanda. Ami alitaka joho la tajiri wa Kiarabu na jambia la kadibodi. Mama Mulle aliuliza kadibodi itakuwaje siku ya pili ya mvua, na Ami, mtu ambaye hajawahi kushindwa ubishi tangu Kisauni, akalitupa jambia akabaki na mwavuli. Binti wa mtani atakuwa kibibi cha Pasaka. Hapa watoto wa kike na wa kiume, siku ya Alhamisi kabla ya Pasaka, hujifunga vitambaa kichwani, hujipaka madoa mashavuni, hupita nyumba kwa nyumba na birika wakiomba peremende. Ni wachawi waendao kwa shetani, kwa mujibu wa hadithi. Birika la kahawa lilipita kwenye mizani bila swali. Mimi nilijua kwamba mchezo huo una mzizi mchungu: hapo Hötorget, ambapo sasa tunanunua maembe, Malin Matsdotter alichomwa moto akiwa hai mwaka 1676 kwa madai ya uchawi. Sikulisema jikoni, kwani msichana alikuwa anajaribu kitambaa na anacheka.

Mwanangu anasoma uhandisi chuo kikuu cha KTH, na wanafunzi wa huko wana ovaroli zao zilizoshonewa beji kila mahali, kwa hiyo yeye hakuhitaji kutafuta. Aliyenishangaza ni mtu wa Bukavu. Alikuja na suti ya vipande vitatu, rangi ya waridi iliyoiva, tai ya kijani, kitambaa mfukoni, akitarajia kufukuzwa. Mama Mulle akageuza kola, akasoma lebo. Sufu tupu. Akasema hiyo ndiyo nguo pekee ya maana chumbani humu, kwa sababu sufu ikilowa bado inashika joto, na kwamba waanzilishi wa chama wangemsalimia njiani kama mwenzao. Tangu siku hiyo hasemeki.

Kofia yangu ya mbega nimeikata kwenye zulia la ngozi ya kondoo, nusu nimeipaka rangi nyeusi, na chini yake nimeshona kamba ya kidevuni, kwa sababu siku ya nne tutapita Tjäktja, mahali pa juu kuliko pote kwenye njia yetu, mita 1,150 hivi, na upepo wa huko hauna utani na mtu. Njuga ndizo zilizoleta mjadala. Njia inapita kwenye malisho ya kulungu wa Wasami, na Mama Mulle alisema kengele ngeni zinaweza kuwatimua wanyama wa watu. Tumekubaliana zifungwe kitambaa tukiona kulungu. Na neno lingine alilisema kabla ya yeyote kulitamka: vazi la Wasami si kichekesho, asije mtu akalivaa. Hakuna aliyebisha. Sote tumewahi kuona Mzungu kwenye sherehe amejipaka masizi na kuvaa sketi ya majani.

Usiku ule alitusimulia maafa ya Anaris. Februari 1978, watu tisa walitoka kuteleza thelujini kwenye milima ya kati, dhoruba ikawakuta, wanane wakafa. Nchi nzima ilibadilika namna ya kuzungumza juu ya mlima. Yeye alikuwa kijana wakati huo. Sisi tunakwenda kiangazi, kwenye njia yenye vibanda vya kulala kila baada ya kilomita 12 hadi 20, na tumekwepa wiki ya matembezi yale makubwa yaitwayo Fjällräven Classic, ambayo tangu 2005 huleta maelfu ya watu kwenye njia hiyo. Hata hivyo Agosti ya kule inaweza kutoa theluji. Kwa hiyo chini ya joho jekundu ni sufu, na juu ya sufu ni koti la mvua, na kichekesho kitavaliwa juu ya vyote au hakitavaliwa. Ami aliguna. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1896 Selim bin Abakari alikwenda na Mjerumani hadi Siberia, na safari yake ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901, bila kuombwa na mtani yeyote. Akasema yule alikuwa analipwa.

Jumamosi iliyopita tulifanya mazoezi. Njia iitwayo Sörmlandsleden, ya zaidi ya kilomita 1,000, inaanzia kituo cha treni cha Björkhagen, vituo viwili tu kutoka kwangu Bagarmossen. Nilipanda treni nimevaa kila kitu. Stockholm ni mji wa adabu ya kutotazama: behewa zima lilisoma simu zake, na mwanamke aliyekaa mbele yangu aliusogeza mguu wake kwa upole ili asikanyage ncha ya joho. Mwezi Mei na Juni huwa wanaona wachumba wakizungushwa mjini na marafiki, wamevalishwa usungura. Pengine walidhani naoa.

Tulifuata alama za rangi ya chungwa kwenye miti. Mimi mbele. Nilikuwa nimesoma juu ya kirangozi lakini sikujua mpaka dakika ya kumi kwamba kutangulia ni kuwa mwenye polepole kuliko wote kwa makusudi. Mama Mulle yuko nyuma yangu na magome yake, na goti lake la kulia ni bovu. Nilisikiliza goti lile kama mpiga ngoma. Nyuma yake kengele ya pembe, nyuma zaidi mwavuli ukikwaruza matawi, na mtu wa Bukavu akiruka tope kwa viatu vinavyong'aa. Sikugeuka kuhesabu hata mara moja. Karibu na ziwa Källtorpssjön tulipishana na familia, na mtoto mmoja wa kike akasimama katikati ya njia, akamtazama Mama Mulle, akaita lile neno la msituni. Bibi wa miaka 74 akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ghorofa ya tatu.

Hellasgården tulikaa kwa kahawa. Waswidi kahawa na keki ya mapumziko huiita fika, na hakuna Mswahili aliyeishi hapa mwaka mmoja ambaye hajaufanyia mzaha neno hilo. Tumefika, tufike, kisha tuendelee kufika. Kisa nilichotaka kukieleza kilitokea mita 200 kabla ya hapo. Mtani alinusa keki za mdalasini. Akaniita jina la ukoo wangu, akaongeza la mama yangu, akapita kulia kwangu na pembe yake begani, kengele inalia, akatangulia.

Nilikuwa nimewaeleza sheria wote, jikoni, kwa sauti. Hana podo wala mishale. Nikachukua kilichokuwa kinaning'inia nyuma ya shanta lake, mfuniko wa sufuria ya jiko la spiriti, lile la Trangia, ambao pia ndio kikaango chetu. Alitakiwa aukomboe kabla ya jua kutua kwa kitu kidogo, hata nusu keki. Akala keki nzima mbele yangu, akakung'uta mikono, akasema Mzaramo hakomboi chake kwa mpagazi.

Mfuniko bado uko kwangu. Treni ya usiku kwenda Abisko inaondoka Ijumaa jioni, na maji ya chai ya watu saba, kwenye upepo, bila mfuniko, Mama Mulle anasema ni saa nzima.